Nani Kanitumia Ugonjwa Huu?

Sisi Wasukuma tuna maswali mawili juu ya ugonjwa, na hospitali imejengwa kujibu moja tu. La kwanza ni: huu ni ugonjwa gani? Hilo nimelijibu maisha yangu yote ya kazi ya maabara, kwanza kwa darubini ya kioo iliyokuwa ikisubiri jua lichomoze, baadaye kwa darubini ya taa, na mwishoni kwa vile vipimo vya haraka ambavyo hata mhudumu wa zahanati ya kijijini anavisoma. Nimesoma damu, makohozi, mkojo na choo cha watu wa Shinyanga, Kahama na Geita. Swali la pili ni: kwa nini mimi, na nani yuko nyuma yake? Hilo halina kipimo.

Mama mmoja upande wa Nyarugusu, Geita, aliwahi kuniuliza swali hilo vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote. Mtoto wake alikuwa na malaria kali. Nilimweleza habari za mbu, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Mayu,” yaani mama, akasema, “mbu nimemwelewa. Lakini chandarua ni kimoja, tena kimetoboka, watoto wanalala wanne, na mbu ni walewale. Mbona kamchagua huyu?”

Nilikuwa na nusu ya jibu. Nusu iliyobaki imegombewa kwa karne nyingi na watu wa dini, wenye shaka na waganga. Katika ukanda wetu huu wa dhahabu si ugomvi wa vitabuni: majibu yao yamewafariji watu, yamewatajirisha wengine, na yameua.

Mkono wa Mungu, mkono wa mtu

Nimekulia Shinyanga ya zamani, nje kidogo ya mji wa sasa. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa la AIC. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa nfumu, yaani mganga. Jumapili tulisikia kanisani kwamba Yesu anaponya. Jumatatu, baadhi ya walewale waliosema amina walipita njia ya nyuma kwenda kwa mjomba, kuku kwapani. Kuku ndiye aliyepasuliwa ili mjomba asome matumboni mwake ugonjwa umetoka wapi.

Mjomba hakuwa mjinga wala tapeli. Aliyagawa magonjwa katika mafungu. Kuna ugonjwa wa Mungu, unaokuja na kupita, ambao haumtaki mganga. Kuna ugonjwa wa masamva, wahenga waliosahauliwa wanaodai wakumbukwe. Na kuna ugonjwa wa kutumwa, mkono wa mtu. Mafua hakuyapigia ramli hata siku moja. Alichopigia ramli ni ugonjwa ulioshindikana: uliorudi baada ya kupona, uliomwandama mtoto mmoja katika familia, au ulioingia ghafla kwa mtu aliyekuwa anafanikiwa.

Mfano wake mkubwa ulikuwa degedege. Mtoto anashika moto, macho yanapinduka, viungo vinakakamaa. Wazee waliona pepo, au ndege wa usiku aliyepita juu ya nyumba, na wakaonya kwamba mtoto huyo akichomwa sindano anakufa. Leo tunajua kwamba mara nyingi degedege ni malaria iliyopanda kichwani, na dakika anazopoteza mtoto akifukizwa moshi ndizo zinazomwua. Lakini tazama lile onyo la sindano lilivyotunzwa: watoto walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakachomwa, wakafa. Watu waliona kwa macho yao wenyewe; walikosea kuunganisha tu.

Mjomba hakuwa peke yake katika kukosea. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba homa hizi zinaletwa na hewa mbovu ya mabwawani. Ilimbidi Ronald Ross, huko India mwaka 1897, ampasue mbu na kumtazama kwa darubini ndipo vijidudu vya malaria vikaonekana ndani yake. Yeye na mjomba wote wawili walipasua kiumbe kutafuta chanzo. Kwa Ross, mtu mwingine yeyote mwenye darubini aliweza kurudia na kuona kilekile. Kuku wa mjomba alisomeka kwa mjomba peke yake.

Waumini hawasemi kwa sauti moja

Wasio na dini hudhani waumini wana jibu moja: ugonjwa ni adhabu ya dhambi. Lipo kweli, na nimelisikia likisemwa mbele ya wagonjwa wa UKIMWI na watu waliokuja na hukumu yao tayari. Lakini vitabu vyenyewe vinapingana na jibu hilo. Ayubu alipigwa majipu mwili mzima, rafiki zake wakakaa kumthibitishia kwamba lazima kuna kosa alilolificha, na mwisho wa kitabu wanaokemewa na Mungu ni hao rafiki. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Baba yangu alikuwa akilihubiri fungu hilo kila msimu wa homa, na nadhani alikuwa akimlenga shemeji yake, mganga wa jirani.

Mwenzangu wa zamu, Mwislamu wa Tabora, alikuwa na kisa chake. Tauni ya Amwas ilipoivamia Sham, yaani Syria ya zamani, mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda huko. Akaamua kurudi. Kamanda wake Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anayakimbia majaaliwa ya Mungu kuyaendea majaaliwa ya Mungu. Mwenzangu alikisimulia kila mtu alipogoma kupimwa kwa kisingizio kwamba yote yameandikwa. “Na kupimwa nako kumeandikwa,” alimaliza, huku akishika kidole cha mgonjwa.

Lipo jibu la tatu, la vita: ugonjwa ni kazi ya shetani, na anayeushinda ni Mungu. Taifa zima lililisikia Machi 2020, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato hapa mkoani Geita, aliposema akiwa kanisani Dodoma kwamba corona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Mwezi uliofuata akaitisha siku tatu za maombi ya taifa. Waumini wengi walifarijika. Lakini Januari 2021 maaskofu wa Kanisa Katoliki, kanisa la Rais mwenyewe, walitoa tamko wakiwakumbusha Watanzania kwamba nchi yetu si kisiwa, na kwamba sala iende pamoja na tahadhari. Ulikuwa ubishi wa waumini kwa waumini.

Kabla yake kulikuwa na kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengi kutoka Kanda ya Ziwa, walisafiri hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Masapila, aliyesema kwamba Mungu alimwonyesha dawa ndotoni. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na foleni ya magari ilienda kilomita nyingi. Wataalamu wa afya waliwasihi watu wasiache dawa zao za hospitali. Tulizungumza sana maabara kuhusu mti uliochemshwa. Tulizungumza kidogo mno kuhusu maneno yaliyokuja na kikombe. Mtu mwenye kisukari au UKIMWI, aliyezoea kuulizwa alifanya nini mpaka akaupata, alipewa dawa bila kuhojiwa. Hospitali zetu zingeweza kujifunza hilo bila kuchemsha mzizi wowote.

Hesabu isiyojua majina

Wenye shaka nao wana ukoo mrefu. Hoja inayonasibishwa na Mgiriki Epicurus ina zaidi ya miaka elfu mbili: kama Mungu anataka kuondoa mabaya na hawezi, si mwenye nguvu; kama anaweza na hataki, si mwema. Charles Darwin, katika barua ya mwaka 1860 kwa Asa Gray, aliandika kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai, kutokea ndani. Sisi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria hatuhitaji nyigu. Tuna kichocho: mnyoo anayeanza kukua ndani ya konokono, akamwingia mtoto kupitia ngozi akiwa anaoga tu, akaishi miaka kwenye mishipa ya tumbo lake. Daktari mmoja kijana niliyefanya naye kazi, aliyeacha kanisa akiwa chuoni, aliniuliza nani angebuni kitu kama kile. Nikamwambia sijui. Bado sijui.

Lakini shaka inayoishia kwenye kumkosoa Mungu haimsaidii mama wa Nyarugusu. Inayomsaidia ni ile inayokwenda mbele na kuuliza: basi, kama hakuna aliyepanga, imekuwaje? Na jibu zuri kuliko yote ninayolijua limo kwenye damu yetu wenyewe.

Unachukua tone la damu, unaliweka kwenye kioo pamoja na dawa inayoondoa oksijeni, unalifunika na kuziba kingo. Unasubiri. Kwa mtu wa kawaida seli nyekundu hubaki mviringo. Kwa wengine huanza kujikunja na kuchongoka kama mundu. Hii ni selimundu. Mtoto akirithi chembe ya urithi ya ugonjwa huu kutoka kwa baba na mama wote wawili, seli zake huziba mishipa midogo, mifupa inamwuma usiku, damu inapungua, anaishi kwa kulazwa. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, huwa mzima, tena ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Jambo hilo lilionyeshwa na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki.

Sasa elewa maana yake. Kwa vizazi na vizazi, malaria iliua watoto wengi zaidi wasio na chembe hiyo, na waliokuwa nayo moja wakakua na kuzaa. Ndiyo maana imebaki, tena kwa wingi. Utafiti wa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliotumia damu iliyokaushwa kwenye karatasi na kupimwa hospitali ya Bugando, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano ana chembe moja. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kinga ya kaka na maumivu ya mdogo wake ni kitu kimoja. Hakuna aliyewachagua. Ni hesabu, na hesabu hiyo haijui majina ya watu.

Ni jibu kavu, nakubali. Lakini nimeliona likifanya kazi ambayo mahubiri yalishindwa. Mjini Kahama, bibi mmoja alikuwa akimtuhumu mkwewe kwa “kuwala” watoto: wawili walikuwa wamekufa, wa tatu mgonjwa. Tulipompima mtoto, tukawaita wazazi wote wawili, na majibu ya baba yakatoka sawasawa na ya mama. Mkwewe alilia kwa kuvuliwa mzigo. Yule bibi alikaa kimya, kisha akauliza kama chembe hiyo mwanawe aliipata kwake.

Swali linaposhika panga

Si kila mkwe alibahatika kupata kipimo. Katika miaka ya 1970 mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi yalikithiri Mwanza na Shinyanga. Serikali ikaendesha msako, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili hiyo, pamoja na Waziri Peter Siyovelwa. Mwinyi alikuja kuwa Rais, na wengi wanakumbuka kujiuzulu kule kama mfano wa uwajibikaji. Wachache wanakumbuka kwamba mwanzo wa yote ulikuwa vikongwe wa vijijini kwetu.

Alama ya mchawi ilikuwa macho mekundu. Mwanamke anayepika miaka hamsini kwa mabua na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yatakosaje kuwa mekundu? Shangazi yangu alikuwa nayo. Hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa sababu alikuwa na wana wanne wakubwa na zizi limejaa. Jirani yake, mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye macho yaleyale na shamba zuri karibu na mto, alikimbilia mjini usiku.

Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wakati ule ikiwa Shinyanga, na mwaka 2005 akachapisha alichokikuta: katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakubadilika. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao. Chakula kikipungua, mdomo mmoja unageuka kuwa mchawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa imani za namna hiyo mwaka 2013 peke yake. 505 walikuwa wanawake. Kanda yetu ikaongeza na aibu ya kuwawinda wenye ualbino kwa ajili ya bahati ya madini na samaki, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalia bungeni mwaka 2009, na mwaka 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli chonganishi.

Machimboni, “nani” ana jibu

Wasomi wengi wakifika hapa huhitimisha kwamba swali la “nani” ni ushamba, watu wafundishwe kuuliza “nini” basi. Mimi siafiki, na sababu yangu iko machimboni.

Nenda Rwamagasa, Mgusu au Mwakitolyo. Vijana wanashuka duarani, yaani shimoni, wanapasua mwamba mkavu, mawe yanapelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na vumbi jeupe linatanda mpaka kwenye sufuria za mama ntilie. Vumbi la mawe hayo lina silika. Likiingia kwenye mapafu halitoki. Linaacha makovu, na mapafu yenye makovu ni nyumba ya wazi kwa kifua kikuu. Kijana anakuja anakohoa, makohozi hayaonyeshi vijidudu, anapewa dawa, anapata nafuu, anarudi duarani, anaanza upya. Ugonjwa uliorudi! Kwa fungu la mjomba, huo ni wa kutumwa. Anaambiwa ni mbia wake wa duara aliyemfunga kifua kwa wivu wa dhahabu.

Upande wa pili wa mwalo, pale panaposafishiwa dhahabu, mwenzake anachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha anachoma donge kwenye moto wa wazi ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule haunuki wala haukereketi. Baada ya miaka mikono inatetemeka, usingizi unapotea, anakuwa mkali bila sababu. Nyumbani wanasema kapandwa na majini. Watafiti waliokuja Rwamagasa chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, miaka ya 2000, waliwapima wachoma dhahabu na kukuta dalili hizohizo za sumu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulipogunduliwa mwaka 1956, majirani waliwatenga wagonjwa kwa kudhani unaambukiza. Ilichukua miaka mingi kukiri kwamba chanzo ni maji machafu ya kiwanda cha Chisso.

Kwa hiyo yule kijana anayeuliza “nani kanitumia ugonjwa huu?” hajauliza ujinga. Mtu yupo. Ni yule aliyejua kwamba kumwagia mwamba maji kunapunguza vumbi akaona pampu ni gharama. Ni yule anayeuza zebaki kwa kificho na hauzi chombo cha kufunika cha kuchomea. Ni sisi watumishi wa umma tuliopita pale tukifunika pua kwa leso na tusiandike kitu. Ramli inatugombanisha na mbia maskini huku mwenye karasha akiendelea kusaga. Uchawi, machimboni, ni mahali pazuri mno pa kuficha uzembe.

Tumewahi kulielekeza swali hili vizuri. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Katika miaka iliyofuata, maelfu ya Wasukuma wa Shinyanga walitoka na mashoka chini ya watemi wao, pamoja na mtafiti wa ndorobo C.F.M. Swynnerton, kufyeka vichaka vya ndorobo. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa ndorobo kwa miongo. Miti mingi ilipotea na baadaye tulilipa kwa ukame, lakini angalau shoka lilielekezwa kwenye maficho ya mdudu.

Mungu yupo au hayupo katika ugonjwa, hilo sitalimaliza mimi. Mimi bado nasali, na yule daktari kijana bado hasali, na tumeuguza watu pamoja bila kugombana. Tumekubaliana kipimo kimoja cha majibu: jibu linampeleka mtu mlango wa nani? Likimpeleka kwa mjane asiye na wa kumtetea, ni la uongo, hata likitolewa kwa jina la mababu, la Biblia au la Kurani. Likimpeleka kwenye chandarua kilichotoboka, kwenye damu ya wazazi wote wawili, au kwenye ofisi ya mwenye leseni, lifuatwe na lidaiwe ushahidi.

Basi ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda kapime. Ukiulizwa kazi yako, usiseme “mkulima” kwa aibu au kwa kumwogopa bosi. Sema unashinda duarani au kwenye karasha, utaje na mahali. Majina ya mahali pamoja yakirundikana kwenye daftari la kituo cha afya, huo ni ushahidi, na mkaguzi wa migodi hawezi kuupasua kama kuku na kuusoma anavyotaka.